Malezi Nyumbani: Nani Amemshika Mtoto Mkono?



Ni Dominika, Misa imekwisha. Waamini wanatoka kanisani na kusimama kando ya barabara, maana kwetu barabara ndiyo baraza. Wanaume wanaulizana habari za mashamba na za safari. Akina mama wanajifunga vizuri vitenge vyao na kuwapanga watoto wachanga mgongoni. Na yule mtoto wa miaka mitano, yuko wapi? Baba anawaza moyoni: "Yuko na mama yake." Mama anawaza: "Yuko na shangazi yake." Shangazi anawaza: "Yuko na dada zake." Dada zake wanaongea na wenzao wa shule, wala hawawazi lolote. Kumbe mtoto yuko peke yake. Amemwona rafiki yake ng'ambo ya barabara, naye ameinua mguu. Kwa mbali inasikika sauti ya pikipiki.

Msomaji, usihuzunike kabla ya wakati wake. Sikukusimulia ajali iliyotokea. Nimekuonyesha Dominika ya kawaida, ambayo kila mmoja wetu ameiona, iwe Kasongo mjini, iwe Kabambare, iwe katika kijiji kilicho katikati. Mara nyingi mtoto huyo huvuka salama. Lakini kuvuka salama kwa bahati si kufundishwa. Leo nataka tuulizane swali moja tu, nalo ni hili: nani amemshika mtoto mkono?

Hata Maria na Yosefu walidhani

Mwinjili Luka anatusimulia kwamba Yesu alipokuwa na umri wa miaka kumi na miwili alipanda pamoja na wazazi wake kwenda Yerusalemu kwa sikukuu ya Pasaka. Siku za sikukuu zilipokwisha, msafara ulianza kurudi, na mtoto akabaki nyuma. Wazazi wake hawakujua. Walidhani yumo katika msafara, wakaenda mwendo wa siku nzima kabla ya kumtafuta kwa ndugu na jamaa. Hawakumwona, wakarudi Yerusalemu, na siku ya tatu wakampata hekaluni.

Basi tusiwahukumu Maria na Yosefu. Hakuna wazazi waliompenda mtoto wao kuliko wao. Wala msafara wao haukuwa wa watu wabaya. Ulikuwa wa ndugu na majirani waliojuana. Na hapo ndipo lilipo fundisho. Mtoto hapotei kwa sababu hapendwi tu. Hupotea pia katikati ya watu wanaompenda, maana kila mmoja adhani yuko na mwingine. Mtoto wa wote, asipokuwa na mtu mmoja aliyepewa kumwangalia, huwa si mtoto wa yeyote kwa dakika moja ile. Na barabara haihitaji zaidi ya dakika moja.

Sisi ni watu wa njia

Nchi yetu imezaliwa na njia. Katika karne ya 19 misafara ya biashara iliondoka Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika, ikapita Kabambare na kufika Kasongo na Nyangwe, karibu na mto Lualaba. Mwingereza David Livingstone alifika Kabambare mwezi wa Septemba 1869. Mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimrudisha hapo, vikamfungia kwa muda wa miezi, maana siku zile msafiri asiye na miguu hakuwa na safari. Baadaye Tippu Tip alifanya Kasongo kuwa makao yake. Njia hiyo ilichukua pembe za ndovu, ikachukua na watu waliofungwa minyororo. Si vigumu kukisia mzazi wa wakati ule alimfundisha mtoto wake nini juu ya njia: ukisikia msafara, kimbia, ujifiche porini.

Nyakati zikageuka. Mwaka 1911 reli iliyotoka Kindu ilifika Kongolo, ikipita magharibi ya Lualaba. Zikafuata barabara za magari. Serikali ya Wabelgiji iliwataka watu waache makazi yao ya porini, wajenge kando ya barabara, wapate kuhesabiwa na kutozwa kodi, na barabara yenyewe ipate watu wa kuitengeneza. Tangu hapo nyumba zetu zimeitazama barabara. Soko limeitazama, shule imeitazama, na kanisa pia. Hatukuchagua kuwazalia watoto wetu mlangoni pa magari, lakini ndipo walipozaliwa.

Kisha vikaja vita vilivyoanza mwaka 1996. Madaraja yakaharibika, majani yakafunika njia, malori yakapungua sana. Mizigo ikachukuliwa kichwani, au ikasukumwa juu ya baisikeli, mafuta ya mawese huku na chumvi kule, siku baada ya siku. Katika miaka ile watoto wengi walikua wakiiona barabara kama uwanja wao: walicheza mpira hapo, walianika mihogo hapo, mbuzi walilala hapo. Wengi wa watoto hao ndio wazazi wa leo.

Leo barabara hiyo hiyo imejaa pikipiki. Zinabeba wagonjwa, wachuuzi, wachimbaji waendao kwenye dhahabu ya Salamabila na Namoya, na mapadri waendao vigangoni. Hatuzilaumu, zimetuletea faida nyingi. Tena tangu mwaka 2019, elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bure katika shule za serikali na za mapatano, watoto wengi zaidi wanatembea asubuhi kwenda shuleni. Basi yapo mambo mawili yanayokutana njiani saa moja ya asubuhi: watoto walio wengi kuliko zamani, na pikipiki zilizo nyingi kuliko zamani. Na mzazi aliyekulia katika barabara tulivu hana budi kumfundisha mtoto wake jambo ambalo yeye mwenyewe hakufundishwa.

Watoto wetu huiita pikipiki "moto". Jina hilo latufaa. Tunajua namna ya kumfundisha mtoto habari za moto wa jikoni. Hatumwambii mara moja tu, kisha tukaenda zetu. Tunamkalisha karibu nasi, tunaushika mkono wake, tunamwonyesha jiwe lililo baridi na jiwe lililo la moto, leo, kesho na keshokutwa. Na huu moto wa magurudumu ufundishwe vivyo hivyo.

Mtoto si mtu mzima aliye mfupi

Shirika la Afya Duniani lilitoa taarifa mwaka 2023 kwamba katika mwaka 2021 ajali za barabarani ziliua watu wapatao 1,190,000 ulimwenguni, na kwamba ndizo zinazoongoza katika kuwaua watoto na vijana wenye umri kati ya miaka 5 na 29. Watu tisa katika kila kumi hao hufia katika nchi zenye kipato kidogo au cha kati. Basi tusidhani ni taabu ya Wazungu wenye magari mengi.

Kwa nini mtoto huponzwa na barabara kuliko mtu mzima? Kwanza, kwa kimo chake. Macho yake yako chini. Wakati wa mvua, majani yaliyo kando ya njia humzidi urefu. Yeye haoni, wala haonekani. Wakati wa kiangazi, kuanzia Juni hata Agosti, vumbi la lori moja humficha asionekane na pikipiki inayofuata nyuma yake. Pili, kwa moyo wake. Mpira ukikimbia, moyo wote wa mtoto unaufuata, na miguu inafuata moyo. Tatu, na hili wazazi wengi hatulijui: mtoto wa miaka sita au saba anaweza kuona pikipiki vizuri kabisa, asijue inakuja upesi namna gani. Kuona anaona, kupima hajui. Uwezo huo humjia polepole, na kwa kawaida hautimii kabla ya miaka tisa au kumi.

Tufanye hesabu, nanyi wanafunzi mtusaidie. Pikipiki iendayo kilomita 36 kwa saa huenda mita 10 kwa sekunde moja. Iendayo kilomita 54 kwa saa huenda mita 15 kwa sekunde. Chukueni barabara yenye upana wa mita 6, na mtoto anayetembea mita moja kwa sekunde. Atahitaji sekunde sita kuvuka. Katika sekunde hizo sita pikipiki ya kwanza imekwenda mita 60, na ya pili mita 90, yaani karibu urefu wote wa uwanja wa mpira. Basi pikipiki ambayo mtoto aliiona "kule mbali, penye mwembe" imekwisha kufika naye yungali katikati ya njia.

Wala dereva hawezi kusimama palepale aonapo. Macho huona kwanza, kisha akili huamua, ndipo mkono na mguu hukamata breki. Ikiwa huo ni muda wa sekunde moja tu, pikipiki ya pili imekwisha kula mita 15 kabla ya breki kuanza kazi. Na katika udongo wetu mwekundu, mvua ikinyesha, gurudumu lililokamatwa huteleza tu. Mtoto adhani mtu mzima akitaka kusimama husimama. Mfundisheni ya kuwa gari si mtu. Halisimami kwa kupenda.

Kwanza mkono, baadaye maneno

Wazazi wengi hudhani wamekwisha kufundisha wanaposema: "Angalia magari!" Mtoto hujibu "Ndiyo, mama," naye hajui aangalie nini, wapi, tena mpaka lini. Maneno peke yake ni mbegu iliyotupwa juu ya mwamba. Yafaa tufuate ngazi tatu.

Ngazi ya kwanza ni ya mtoto ambaye hajatimiza miaka saba. Huyu hushikwa mkono. Ashikwe mkono hasa, kwa kifundo, maana kidole kimoja huponyoka. Mtu mzima atembee upande wa magari, mtoto upande wa majani. Na mtu huyo awe mmoja, anayejulikana. Mnapotoka nyumbani wengi, semeni kwa sauti: "Leo mtoto yuko mkononi mwa shangazi." Akimkabidhi mwingine, aseme tena. Sentensi hiyo moja inaziba pengo lile la Dominika.

Ngazi ya pili ni ya miaka saba mpaka tisa. Mtoto atembee pembeni mwenu, naye awe mwalimu wenu. Mwulizeni: "Je, tuvuke sasa? Kwa nini?" Asipojua sababu, bado hajajua kuvuka, hata kama amejibu sawasawa. Mpitishe njia yake ya shule yenyewe, mara nyingi, mkimwonyesha penye kona, penye kilima, penye daraja jembamba na penye majani marefu.

Ngazi ya tatu ni ya miaka kumi na kuendelea. Mtoto aweza kwenda peke yake katika njia aliyoizoea, na kuwaongoza wadogo zake. Lakini tumpime kwanza: tumfuate nyuma kwa mbali, asijue. Wengi wana adabu mbele ya baba, na barabarani wana mbio.

Tazama kushoto kwanza

Hapa kuna jambo la kushika sana. Katika nchi yetu ya Kongo magari hufuata mkono wa kuume wa barabara. Basi mtu akisimama ukingoni kutaka kuvuka, gari lililo karibu naye zaidi latoka mkono wake wa kushoto. Kwa hiyo atazame kushoto kwanza, kisha kuume, kisha kushoto tena, ndipo avuke, akitembea moja kwa moja bila kukimbia na bila kurudi nyuma.

Katika Tanzania, Uganda, Kenya na Zambia magari hufuata mkono wa kushoto, na huko watoto hufundishwa kutazama kuume kwanza. Nasema hivi kwa sababu vitabu vya Kiswahili vitufikiavyo vingi vimechapwa katika nchi hizo za mashariki. Tena ndugu zetu wengi wa Kongo walikimbilia Tanzania, hasa katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, na watoto waliozaliwa au kukulia kule hurudi na desturi ya kule. Hawakufundishwa vibaya; wamevuka mpaka tu. Mwalimu akimpokea mtoto wa namna hiyo darasani, amfundishe upya njia ya hapa.

Na watembeao kwa miguu kandokando ya barabara, waende upande wa kushoto, wapate kuyaona usoni magari yanayowajia upande ule. Waende mmoja nyuma ya mwingine, mkubwa mmoja mbele na mwingine nyuma, wadogo katikati. Jioni, mtoto avae nguo nyeupe au ya rangi ya kung'aa, maana sare ya bluu gizani haionekani.

Mazungumzo ya babu na mjukuu

Huu ni mfano mdogo. Walimu waweza kuwapa wanafunzi wauigize uwanjani. Babu na mjukuu wamesimama nyuma ya lori linaloshusha magunia sokoni.

"Babu, twende basi, hakuna gari."

"Umejuaje, mjukuu wangu?"

"Sioni kitu."

"Kutoona si kutokuwapo. Mbele ya macho yako kuna nini?"

"Kuna lori, babu."

"Lori limelala. Lakini nyuma yake kuna barabara ambayo huioni. Na ajaye katika barabara hiyo, je, anakuona?"

Mjukuu akafikiri. "Hanioni, babu. Lori limenificha."

"Vema. Basi tufanye nini?"

"Tungoje liondoke?"

"Huenda likalala hapo mpaka kesho. Tutembee mpaka pale penye wazi, ambapo naona mbali, nami naonekana kutoka mbali. Shika neno hili: usipomwona dereva usoni, naye hakuoni."

Wakaenda mpaka penye wazi. Mjukuu akataka kufanya ishara ya msalaba na kuvuka mbio. Babu akamshika bega.

"Ishara ya msalaba ni njema, mjukuu wangu, usiiache kamwe. Lakini ifanye umesimama. Ukimaliza, tumia macho aliyokupa huyo uliyemwomba."

Wanaopanda na wanaovuka maji

Si wote waendao kwa miguu. Mara nyingi twaona pikipiki moja imebeba baba, mama, watoto watatu na kuku. Mdogo kuliko wote amekalishwa mbele, juu ya tangi la petroli, kwa sababu "hapo anaona vizuri." Ikipigwa breki ya ghafula, huyo ndiye wa kwanza kurushwa, na kifua cha dereva kinamfuata kwa nyuma. Mahali pa mtoto si hapo. Mtoto ambaye miguu yake haifiki penye vikanyagio hajafikia umri wa kupanda pikipiki. Pasipokuwapo njia nyingine, kwa mfano mgonjwa wa kupelekwa hospitali, abebwe katikati ya dereva na mtu mzima anayemkumbatia, na dereva aende polepole. Tena, kofia ngumu ya baba haimlindi mtoto.

Juu ya lori lililojaa magunia, mtoto asiketi ukingoni, wala asilale usingizi pasipo mtu wa kumshika. Lori likisimama, ashuke upande wa majani, asishuke upande wa barabara.

Na mto ni barabara pia. Atokaye Kasongo kwenda Samba kuifuata reli hana budi kuvuka Lualaba. Mtoto afundishwe kuketi chini katika mtumbwi, asisimame, asining'inize mkono majini. Chombo kilichojaa kupita kiasi tusikipande, hata kama mwenye chombo ni ndugu yetu. Palipo na koti la kuelea, wavalishwe watoto kwanza. Mara nyingi huvaliwa na wanaume wanaojua kuogelea.

Tujipige kifua sisi wenyewe

Sasa niseme neno gumu kidogo. Mara ngapi tumemtuma mtoto wa miaka sita ng'ambo ya barabara akanunue chumvi, jioni, wakati wa vumbi? Katika desturi yetu mtoto kutumwa ni heshima, na kutii ni adabu. Hayo ni mema. Lakini tunaongeza maneno: "Natema mate chini, yasikauke kabla hujarudi!" Basi mtoto mtiifu hukimbia. Hukimbia kwa sababu anatupenda na kutuogopa, na macho yake yako kwenye mate yale, hayako barabarani. Akigongwa, nani aliyemkimbiza? Mtume mtoto, lakini umwambie: "Nenda taratibu, chumvi itangoja."

Tena tuna maneno mawili tunayoyasema matangani. La kwanza: "Ajali haina kinga." La pili: "Ni mapenzi ya Mungu." Mungu ndiye Bwana wa uhai, nasi twayapokea yote kwa imani. Lakini tusimtwike Mungu mzigo wa uzembe wetu. Breki iliyokatika mwezi mzima bila kutengenezwa si mapenzi ya Mungu. Pombe ya asubuhi katika kichwa cha dereva si mapenzi ya Mungu. Mtoto wa miaka mitano aliyeachwa peke yake ukingoni mwa njia si mapenzi ya Mungu.

Kanisa limesema wazi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et Spes ya mwaka 1965, fungu la 30, uliwakemea wanaozidharau sheria za jamii, zikiwamo za uendeshaji wa magari, wakihatarisha uhai wao na wa wenzao. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2290, yafundisha kwamba wanaohatarisha usalama wa watu barabarani kwa ulevi au kwa kupenda mbio wana hatia kubwa. Na mwaka 2007 Vatikano ilitoa mwongozo wa uchungaji wa barabara, wenye amri kumi za madereva, na ya kwanza yao ni ile ile ya Sinai inayokataza kuua. Basi kijana mwenye pikipiki, unapojitayarisha kwa Kitubio, usitazame wizi na uzinzi tu. Tazama na mbio zako mbele ya shule. Mwezi wa Februari 2020 mataifa yaliyokutana Stockholm yalikubaliana kwamba mahali ambapo watu na magari huchanganyika, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Mbele ya shule zetu na makanisa yetu, hata hizo ni nyingi.

Yanayoweza kufanyika bila fedha

Msingoje serikali wala mfadhili kwa mambo haya. Siku ya salongo, kijiji kikate majani ya kando ya njia, hasa penye kona na penye shule. Hiyo ni dawa isiyo na bei. Mwalimu achore barabara uwanjani kwa majivu, wanafunzi wawe magari, pikipiki na watembeao, wajifunze kuvuka kwa kucheza kabla ya kuvuka kwa kweli. Shule ichague wanafunzi wakubwa wa kuwavusha wadogo asubuhi na mchana, chini ya mwalimu mmoja. Jumuiya za Kikristu zipange majirani wapokezane kuwasindikiza watoto wadogo wa mtaa mmoja, maana mama aliye shambani tangu alfajiri hawezi kuwa mahali pawili. Na parokiani, baada ya Misa, wazee wa kanisa wawaombe watu wasalimiane ndani ya ua, si barabarani. Na mmoja wao asimame njiani mpaka wadogo wote wamevuka.

Sasa turudi kwa mtoto wetu wa Dominika, yule aliyeinua mguu. Nilimwacha ukingoni kwa makusudi, kwa sababu mwisho wa habari yake hauko mikononi mwangu. Uko mikononi mwa yule atakayegeuka kutoka katika maongezi na kuuliza kwa sauti, bila haya: "Mtoto yuko na nani?" Maria na Yosefu walirudi mwendo wa siku nzima ili waulize swali hilo. Sisi tunaombwa kugeuza kichwa tu.

Tunawafundisha watoto wetu kumwomba malaika mlinzi kila asubuhi, na ndivyo ipasavyo. Lakini kumbukeni Tobia alipofunga safari: Mungu alimtuma malaika Rafaeli atembee pembeni mwake njia nzima, kwa sura ya kibinadamu. Dominika ijayo, wewe ndiwe sura hiyo. Mshike mtoto mkono.